Kwenda saa 21, kurudi saa 12: hesabu ya safari ya Entebbe na Guangzhou

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Kikuubo, Kampala, ambako ninauza mikoba na viatu vya wanawake. Kwa mara ya kwanza nimekata tiketi ya kwenda mwenyewe Guangzhou kununua mali badala ya kuagiza kupitia kwa watu, na tiketi hiyo imenichanganya kichwa. Inasema kwamba nitaondoka Entebbe saa 17:30 na kufika Addis Ababa saa 19:40, kisha niondoke huko saa 23:30 na kufika Guangzhou saa 14:40 siku inayofuata. Wakati wa kurudi nitaondoka Guangzhou saa 00:40, nifike Addis Ababa saa 06:35, niondoke saa 10:20 na kutua Entebbe saa 12:30 siku hiyo hiyo. Nikihesabu, kwenda ni zaidi ya saa 21, na kurudi hata saa 12 hazitimii. Mwanangu naye ameangalia kwenye tovuti moja inayopima umbali wa viwanja vya ndege, akaniambia kwamba ni kilomita 9,080 na kwamba ndege hutumia saa 10 na dakika 46. Nishike lipi? Na je, huku kupitia Addis Ababa si kunizungusha bure?
Mama mfanyabiashara, Kikuubo

JIBU: Mama, hakuna namba hata moja kati ya hizo iliyo ya uongo. Tatizo ni kwamba zinapima vitu vitatu tofauti: saa za ukutani, muda wa safari yenyewe, na muda ambao ndege ingeutumia kama ingeruka kutoka Entebbe hadi Guangzhou bila kutua popote, nayo hiyo si safari uliyoilipia. Tuanze na saa za ukutani, kwa kuwa ndizo zilizokutia wasiwasi.

Tiketi ya ndege, popote ilipokatwa, huandika saa ya mahali ndege inapoondokea na saa ya mahali inapotua. Saa yako ya kuondoka Entebbe ni ya Uganda, na saa yako ya kufika Guangzhou ni ya China. Uganda, sawa na Kenya, Tanzania na Ethiopia, iko saa 3 mbele ya saa ya Greenwich. China, ingawa ni nchi pana ambayo kwa haki ya jua ingestahili kuwa na saa kadhaa tofauti, hutumia saa moja tu kutoka mpaka wake wa magharibi hadi pwani ya mashariki, nayo iko saa 8 mbele ya Greenwich. Tofauti baina yetu na wao ni saa 5, na tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima, kwa kuwa si sisi wala wao tunaosogeza saa kwa kufuata majira. Kwa hiyo kabla ya kutoa saa moja kutoka nyingine, sharti kwanza uzigeuze zote ziwe za sehemu moja. Ninakushauri uzigeuze ziwe za Entebbe, maana ndizo watakazokuwa wakizifuata watu wako wa nyumbani wanaosubiri simu yako.

Basi tufanye hivyo. Saa 14:40 za Guangzhou, yaani saa nane na dakika arobaini mchana, ni saa 09:40 za Entebbe, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Kutoka saa 17:30 jioni hadi saa 09:40 asubuhi ya pili ni saa 16 na dakika 10. Huo ndio muda wako wa kwenda. Katika kurudi, saa 00:40 za Guangzhou ni saa 19:40 za Entebbe, siku iliyotangulia. Kutoka hapo hadi saa 12:30 mchana ni saa 16 na dakika 50. Unaona basi kwamba kurudi, ambako kwa saa ya ukutani kulionekana kuwa karibu nusu ya kwenda, kunazidi kwenda kwa dakika 40. Zile saa 5 ziliongezwa upande mmoja na kupunguzwa upande wa pili, ndipo pengo likaonekana kubwa kiasi hicho.

Ukitaka kuuchambua zaidi muda wa kwenda, una saa 2 na dakika 10 za kutoka Entebbe hadi Addis Ababa, saa 3 na dakika 50 za kusubiri ndege ya kuunganisha, na saa 10 na dakika 10 za kutoka Addis Ababa hadi Guangzhou. Muda wa kukaa ndani ya ndege peke yake ni saa 12 na dakika 20. Katika kurudi unakaa ndani ya ndege saa 13 na dakika 5, na kusubiri saa 3 na dakika 45. Kati ya Entebbe na Addis Ababa hakuna cha kugeuza, kwa kuwa saa zetu ni zile zile. Na Waethiopia, kama sisi, huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, kwa hiyo usishangae mtu wa huko akikuambia saa nne naye anamaanisha 10:00.

Hapo pana jambo ambalo hukuliuliza, lakini siwezi kulipita. Saa 00:40 ni saa sita na dakika arobaini usiku. Tiketi ikiandika Jumamosi saa 00:40, ndege hiyo inaondoka usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, dakika 40 tu baada ya tarehe kubadilika. Unatakiwa uwe umefika uwanjani Ijumaa kati ya saa tatu na saa nne usiku. Msafiri anayesoma neno Jumamosi, akalala hotelini Ijumaa kwa amani na kufunga mizigo Jumamosi jioni, atafika uwanjani wakati ndege yake imekwisha kutua Entebbe. Mwambie na mwenye hoteli tarehe ya kuondoka kwako kwa kutaja usiku wa kuamkia siku gani, na usimtajie tarehe peke yake.

Sasa tuje kwenye umbali. Kilomita 9,080 alizokutajia mwanao ni sahihi, na hupatikana kwa kuchukua nafasi za viwanja viwili kwa latitudo na longitudo, kisha kupima njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Entebbe iko karibu kabisa na Ikweta, chini ya kilomita 5 kaskazini yake, na kwenye longitudo ya digrii 32 na nusu hivi mashariki. Uwanja wa Baiyun wa Guangzhou uko digrii 23 na kitu kaskazini, longitudo ya digrii 113 na kitu mashariki. Kwa kuwa dunia ni tufe, njia fupi huwa ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo lingeikata dunia katika nusu mbili sawa. Ukiichora njia hiyo kwenye ramani bapa ya ukutani huonekana imepinda, na watu hudhani rubani amezunguka. Chukua uzi, uuvute juu ya tufe la darasani kutoka Ziwa Viktoria hadi kusini mwa China, nao utakuonyesha njia yenyewe.

Uzi huo una mambo ya kuvutia. Ukitoka Entebbe hupita karibu na Jinja na Tororo, hukata kaskazini mwa Kenya hadi jirani na Mandera, hupita Somalia, kisha huingia Bahari ya Arabu. Nusu ya safari huangukia baharini, magharibi ya Goa. Kisha huikata India hadi pwani ya Odisha, huvuka Ghuba ya Bengali, hupita Myanmar si mbali na Mandalay, hugusa kaskazini mwa Vietnam na kuingia China. Milima ya Himalaya hubaki mbali upande wa kaskazini. Ndege za kweli hazifuati uzi kwa usahihi huo, kwa kuwa angani kuna njia zilizopangwa, maeneo ya jeshi yanayokwepwa na mawingu ya radi ya kuzungukwa. Ndiyo maana kilomita zinazorukwa huzidi zile za tovuti.

Zile saa 10 na dakika 46 nazo zimetoka wapi? Tovuti za namna hiyo hazina habari za ratiba wala za hali ya hewa. Nyingi huchukua umbali, huugawanya kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa ikiwa juu, tuseme kilomita 885 kwa saa, halafu huongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kushuka. Gawanya 9,080 kwa 885 utapata saa 10 na dakika 16. Ongeza dakika 30, na hizo hapo saa 10 na dakika 46 za mwanao. Ni hesabu safi, na kwa kulinganisha miji ina manufaa yake. Lakini haijui kwamba wewe unatua Addis Ababa, na haijui kwamba muda wa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea kutoka mahali pa maegesho, wala si magurudumu yanapoacha ardhi, na huisha ndege inaposimama kwenye maegesho ya upande wa pili. Humo mna kutambaa kuelekea njia ya kurukia, kupanga foleni nyuma ya ndege nyingine, na dakika za akiba ambazo shirika huziweka ili ndege isiandikwe kuwa imechelewa kwa kila jambo dogo.

Kipande kifupi ndicho huumia zaidi katika hesabu hii. Kutoka Entebbe hadi Addis Ababa ni kilomita 1,220 hivi, na tiketi imekipa saa 2 na dakika 10. Mwendo wa wastani ni kilomita 560 kwa saa. Kutoka Addis Ababa hadi Guangzhou ni kilomita 8,040, kwa saa 10 na dakika 10, na wastani unapanda hadi 790. Ndege haikuongeza nguvu. Dakika za kutambaa, kupaa na kushuka ni karibu zile zile kwa safari ndefu na fupi, ila katika safari ndefu hugawanywa kwa kilomita nyingi.

Kuhusu kuzungushwa, Mama, wacha nikupe faraja. Ukijumlisha vipande vyako viwili unapata kilomita 9,260, yaani unazidi njia ya uzi kwa kilomita 180 tu, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika 12 hivi. Addis Ababa iko karibu na njia yako kabisa. Nairobi iko karibu zaidi, kwa maana Entebbe hadi Nairobi na Nairobi hadi Guangzhou ni kilomita 9,200. Kupitia Dubai ni karibu 9,560 na kupitia Doha ni 9,680, nyongeza ambazo bado hazijafika saa moja ya kuruka. Anayezungushwa kweli ni yule aliyeuziwa tiketi ya kupitia Istanbul: kilomita 4,600 kwenda kaskazini, kisha nyingine 7,880 kwenda mashariki, jumla 12,480, zaidi ya njia fupi kwa kilomita 3,400. Hizo ni karibu saa 4 za kuruka ambazo hakuna upepo utakaozirudisha. Pengine bei huwa nafuu. Basi mtu apime mwenyewe thamani ya saa zake.

Kinachokula muda wako si kona ya Addis Ababa. Ni kule kutua, kusubiri na kupaa tena. Kwa hiyo unapolinganisha tiketi mbili, kilomita ziache kwanza, tazama saa za kusubiri katikati. Tiketi ya kupitia Dubai yenye kusubiri saa 11 ni mbaya kuliko hii yako, hata kama ndege yake ni mpya na viti vyake ni vipana. Na kusubiri kufupi kupita kiasi nako si kuzuri. Dakika 50 za kubadilisha ndege huonekana tamu kwenye karatasi, lakini ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa, mikoba yako ya sampuli itabaki nyuma hata kama wewe mwenyewe utawahi kwa kukimbia. Saa 3 na dakika 50 zako ni za kiungwana.

Ongeza pia safari ya barabarani, ambayo hakuna tovuti itakayokuhesabia. Uwanja wa Entebbe uko kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Kampala. Kwa ndege ya saa kumi na moja na nusu jioni, unatakiwa uwe uwanjani ifikapo saa nane na nusu mchana, na ukitokea Kikuubo mchana wa siku ya kazi, foleni ya kuitoka mitaa ya katikati ya mji inaweza kukuchelewesha kuliko barabara ya kasi yenyewe. Ondoka dukani saa sita. Ukijumlisha hayo na ukaguzi wa pasipoti na mizigo kule Guangzhou, kutoka mlango wa duka lako hadi mlango wa hoteli ni karibu siku nzima ya saa 24, na soko lisitarajie kukuona kabla ya asubuhi inayofuata.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari hapa Jinja. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba ndege za kwenda mashariki huwahi kuliko za kwenda magharibi kwa sababu ya mzunguko wa dunia. Wakanibishia kwamba dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo mji wa magharibi unakuja kuilaki ndege, na ndege ya kwenda magharibi ndiyo ingestahili kuwahi. Nani mkweli?
Mwalimu, Jinja

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamefikiri vizuri, lakini hoja yao haisimami, na yako inahitaji kunyooshwa kidogo. Uso wa dunia kwenye Ikweta husogea kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa. Kama mwendo huo ungeisaidia ndege ya kwenda magharibi, basi rubani angepaa juu ya Entebbe, akaning'inia angani bila kwenda popote, na baada ya saa mbili Atlantiki ingekuwa tayari imefika chini yake. Hilo halitokei kwa kuwa hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege, hata kabla ya kupaa, tayari ilikuwa na mwendo huo. Nzi aliye ndani ya basi la Gulu huruka kutoka kiti cha nyuma hadi kwa dereva bila kuhisi kwamba basi linakimbia, na ukuta wa nyuma haumfuati kwa kasi akipumzika hewani. Ndege hupimwa mwendo wake ndani ya hewa, na hewa ikisogea, ndege husogezwa nayo.

Kwa hiyo anayetafutwa ni upepo. Mzunguko wa dunia unahusika, ila kwa mlango wa nyuma: joto la Ikweta huisukuma hewa juu na kuipeleka kuelekea kaskazini na kusini, na kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja, hupindishwa ikawa mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mikondo hiyo hupatikana kati ya kilomita 9 na 16 hivi juu ya ardhi, na sehemu ya chini ya tabaka hilo ndiyo ndege kubwa hurukia. Mara nyingi huzidi kilomita 160 kwa saa, na katika majira ya baridi ya nchi za kaskazini huweza kupita 300. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima upepo huo katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo kutoka kituo cha Tateno, na mwaka 1926 akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, akiamini kwamba ndiyo lugha ambayo dunia nzima ingeisoma. Dunia nzima haikuisoma, na marubani wa kivita wa Marekani walikuja kuugundua upya upepo huo angani mwa Japani mwaka 1944, ulipoanza kuyasukuma mabomu yao nje ya shabaha.

Darasani unaweza kuwapa hesabu hii. Ndege ina mwendo wa kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa, na safari ni kilomita 8,000. Hewa ikiwa imetulia, itatumia saa 8 na dakika 53 kwenda na muda huo huo kurudi, jumla saa 17 na dakika 46 hivi. Sasa weka upepo wa kilomita 100 kwa saa kutoka magharibi njia nzima. Kwenda mashariki mwendo juu ya ardhi unakuwa 1,000, na safari inachukua saa 8. Kurudi unakuwa 800, na safari inachukua saa 10. Jumla ni saa 18. Waulize wanafunzi kwa nini jumla imeongezeka ilhali upepo uliosaidia na uliozuia ni ule ule. Jibu ni kwamba ndege ilikaa saa 10 ikizuiwa na saa 8 tu ikisaidiwa. Upepo hudai kuliko unavyolipa. Wakilielewa hilo, watakuwa wameelewa wastani wa mwendo kuliko wengi wanaoufundisha.

Ukirudi kwenye tiketi ya mama wa Kikuubo, utaona kwamba kipande cha Addis Ababa hadi Guangzhou kimeandikwa saa 10 na dakika 10 kwenda, na saa 10 na dakika 55 kurudi. Tofauti ya dakika 45 kwa safari ndefu vile ni ya wastani, kwa sababu sehemu kubwa ya njia hiyo iko katika nchi za joto ambako mkondo wa magharibi ni dhaifu. Mwezi wa saba na wa nane, katika msimu wa masika ya India, juu ya kusini mwa nchi hiyo huvuma hata upepo wa kinyume, kutoka mashariki, ukapunguza tofauti hiyo. Mwezi wa kwanza, mkondo wa magharibi unaposhuka hadi kusini mwa Himalaya na kukaza juu ya China, tofauti huongezeka.

SWALI: Ndugu yangu alinionyesha skrini ya ndani ya ndege iliyoandika umbali mmoja kwa namba mbili, 4,900 na 9,075. Ipi ni ya kweli?
Msomaji, Mbale

JIBU: Zote mbili. Namba ndogo ni ya maili za baharini, kipimo ambacho mabaharia na marubani hukitumia hadi leo. Maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Usiichanganye na maili ya barabarani ya Waingereza, ambayo ni kilomita 1.609, kwani kwa safari hiyo hiyo ungepata namba ya tatu, 5,640.

SWALI: Binti yangu anasoma London. Mwezi wa saba nikimpigia simu saa tatu usiku hunijibu kwamba kwake ni saa moja, lakini Desemba saa hiyo hiyo kwake ni saa kumi na mbili jioni. Nataka kwenda kumtembelea. Je, ndege nayo hubadilisha muda wake kwa majira, na ni mwendo wa saa ngapi kutoka Entebbe?
Mzazi, Masaka

JIBU: Mzazi mwenzangu, Uganda haisogezi saa, Uingereza ndiyo inayosogeza. Jumapili ya mwisho ya Machi huisukuma saa yao mbele kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha. Ndiyo maana tofauti yetu nao ni saa 2 katika majira yao ya joto, na saa 3 katika majira ya baridi.

Kutoka Entebbe hadi uwanja wa Gatwick, ambako Uganda Airlines ilianza kwenda mwezi Mei 2025, ni kilomita 6,460 kwa njia ya uzi. Hesabu ya tovuti ingekupa karibu saa 7 na dakika 48. Usiitegemee. Njia ya uzi hupita Sudan Kusini, Sudan, Libya, jirani na Malta, Italia na Ufaransa, na anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipozuka huko Aprili 2023. Anga la Libya nalo huepukwa na mashirika mengi. Ndege zinazotoka kwetu kwenda Ulaya hulazimika kuzunguka, na mzunguko huo huongeza muda na mafuta, na mafuta hayo hulipwa ndani ya nauli. Kuhusu upepo, njia hii inaelekea kaskazini zaidi kuliko magharibi, kwa hiyo mkondo wa magharibi huikata kwa ubavu, na tofauti ya kwenda na kurudi ni ndogo kuliko ile ya safari za China.

Ukipata tiketi yako, fanya kama tulivyomwelekeza mama wa Kikuubo, ila angalia mwezi kwanza. Ukisafiri mwezi wa saba, iongezee saa ya kufika Gatwick saa 2 ndipo utoe saa ya kuondoka Entebbe; ukisafiri Desemba, iongezee saa 3. Na kama utakwenda Septemba na kurudi Novemba, kwenda utatumia 2 na kurudi utatumia 3.